Muulize Mkalimani: Mchoraji, mkewe na mawe ya mizani

Wasomaji wangu, mwezi uliopita tulionyesha hapa Tororo filamu ya Kijerumani ya mwaka 1978, Jörg Ratgeb, Maler, yaani Jörg Ratgeb, Mchoraji. Aliyeiongoza ni Bernhard Stephan, katika studio za DEFA za iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Inamhusu mchoraji wa miaka mia tano iliyopita anayefunga safari ya kumtafuta mchoraji mwenzake mashuhuri, Albrecht Dürer, na safari hiyo inamkutanisha na wakulima ambao uvumilivu umewaishia. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na waliojaa ukumbini wengi wao ni watu wa shamba na soko, kwa hiyo nilishika kipaza sauti nikatafsiri papo hapo kwa Kiswahili, kama wafanyavyo vijei wa vibandani, wale wanaotafsiri filamu kwa sauti, ila sikuongeza neno langu hata moja. Taa zilipowashwa tulikaa tukizungumza mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Tangu siku hiyo barua na ujumbe wa simu havijakoma. Toleo hili lote nimelitenga kwa maswali hayo.

*Mzee Mkalimani, mimi ni fundi wa mabango na kuta za maduka hapa Mbale tangu mwaka 2009. Nilikuja kwa pikipiki kuiona ile filamu nikarudi usiku. Naomba kujua: huyu Ratgeb aliishi kweli, au ametungwa? Na kama aliishi, kazi zake ziko wapi?*
— Fundi wa mabango, Mbale

Aliishi, ndugu yangu. Mji wa Schwäbisch Gmünd, kusini mwa Ujerumani, ndio unaotajwa kuwa kwao, na alizaliwa karibu mwaka 1480. Kazi yake kubwa ni altare aliyoichorea kanisa la mji wa Herrenberg kati ya mwaka 1519 na 1521. Usifikirie meza ya misa peke yake. Altare za wakati ule zilikuwa na mbao kubwa zilizosimama nyuma ya meza, zenye mabawa yanayofunguliwa na kufungwa kama milango ya kabati, na kila ubao umechorwa pande zote mbili. Siku za kawaida waumini waliona upande wa nje, ambako Mitume wanaagana kabla ya kutawanyika duniani. Yakifunguliwa, unakutana na Karamu ya Mwisho, Yesu akipigwa mijeledi, Yesu msalabani, kisha ufufuko. Leo mbao hizo ziko katika jumba la sanaa la Staatsgalerie mjini Stuttgart.

Lakini wewe mtu wa kuta nitakuambia la kuta. Ratgeb alifanya kazi miaka kadhaa katika monasteri ya Wakarmeli mjini Frankfurt, akajaza kuta za ukumbi wa kulia na za vibaraza vya ndani kwa hadithi za Biblia na za shirika lenyewe. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliziharibu vibaya. Zilizosalia bado zinaonekana. Uliniambia mlangoni kwamba siku hizi kuta unazopewa ni za rangi za makampuni ya simu tu, na kwamba mgombea mmoja alikuchoresha sura yake mara kumi na mbili asikulipe hata moja. Sikukujibu usiku ule kwa sababu watu walikuwa wengi. Nakujibu sasa: Ratgeb naye alichora alichoagizwa. Waliokuwa na fedha za kuagiza ni mapadri na matajiri, na yeye aliwachorea vizuri. Usione haya kwa kuta za simu.

*Shikamoo Mzee. Nasoma chuo hapa Kampala na nilikuja Tororo kwa wazazi nikaiona filamu. Kinachonitatiza ni hiki: mtu ana ujuzi, ana kazi, kanisa linamlipa. Nani alimvuta mtu huyu mpaka akaingia katika uasi wa wakulima, akapoteza roho yake?*
— Mwanafunzi wa kike, Kampala

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara nne kwa sababu ya neno hilo moja, kuvutwa. Hata tangazo letu la mlangoni lilisema mchoraji "anavutwa" katika uasi, nami kwenye kipaza sauti nililirudia bila kufikiri. Leo nalikataa, na nitakueleza kwa nini.

Kabla ya Frankfurt na kabla ya Herrenberg, karibu mwaka 1510, Ratgeb aliishi Heilbronn. Huo ulikuwa mji huru: ukiandikishwa kuwa raia wake, hakuna kabaila awezaye kukugusa. Ratgeb hakuupata uraia huo. Kikwazo kilikuwa mke wake. Mwanamke yule alikuwa mtu wa Ulrich, mtawala wa Württemberg. Nikisema "mtu wa Ulrich" usisikie kama tunavyosema "mtu wa Busoga" au "mtu wa Yohana". Wajerumani wana neno lao kwa hali hiyo, na neno lenyewe limeunganisha mwili na umiliki: mwili wake ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Mtu wa namna hiyo haolewi wala hahami bila ruhusa. Akifa, watumishi wa bwana wanakuja nyumbani kuchukua mnyama bora zizini, na kwa mwanamke mara nyingi huchukua nguo yake bora. Tena hali hiyo ilifuata tumbo. Mama akiwa wa bwana, watoto ni wa bwana, hata baba yao awe huru namna gani.

Sasa kaa nyumbani kwa Ratgeb jioni moja. Amerudi kazini, rangi imeganda kwenye kucha, ananawa, anaketi kula na wanawe. Na wanawe si wake. Wakati huo huo kule kanisani amelipwa kumchora Mwana wa Mungu aliyekuja kuwakomboa watu.

Machi 1525, katika mji wa Memmingen, wakulima walitoa madai yao katika Vifungu Kumi na Viwili. Aliyeshika kalamu alikuwa fundi wa ngozi za manyoya, Sebastian Lotzer, akisaidiana na mhubiri Christoph Schappeler. Vilichapishwa, vikasambaa Ujerumani ya kusini kwa kasi ambayo watawala hawakuwahi kuiona. Kifungu cha kwanza kinataka kila jumuiya ichague mchungaji wake. Kuna vya zaka, vya kuwinda na kuvua samaki, vya kuni za msituni, vya malisho ya pamoja yaliyonyakuliwa. Cha tatu kinasema Kristo aliwakomboa wote kwa damu yake, mchungaji wa ng'ombe sawasawa na mkubwa wa wakubwa, basi hakuna sababu mtu awe mali ya mtu. Cha kumi na moja kinakataa kodi ile ya kifo. Binti yangu, cha tatu kilikuwa kinamhusu mke wake. Cha kumi na moja kilikuwa kinahusu nguo iliyoning'inia ukutani kwake.

Wakulima walipofika Stuttgart mwezi Aprili, Ratgeb alikuwa mkazi wa mji huo. Alichaguliwa kuwa miongoni mwa watakaozungumza nao, na baadaye akashika nafasi katika baraza lao la vita. Tarehe 12 Mei 1525 jeshi la makabaila likiongozwa na Georg Truchsess von Waldburg liliwasambaratisha wakulima karibu na Böblingen, mji ulio kati ya Stuttgart na Herrenberg. Maelfu walikufa. Ratgeb alikamatwa, akahukumiwa kwa uhaini, na mwaka 1526, mjini Pforzheim, akauawa kwa kupasuliwa vipande vinne.

Liko jambo jingine linalonikosesha usingizi. Moja ya makosa aliyosomewa ni kumuunga mkono Ulrich, yule yule aliyemmiliki mkewe. Ulrich alikuwa amefukuzwa katika nchi yake mwaka 1519, na mwaka 1525 alikuwa akitafuta njia ya kurudi kwa msaada wa wakulima aliowakamua zamani. Kwa hiyo mchoraji wetu alikufa akihesabiwa rafiki wa bwana wa mkewe. Nimelitazama hili kila upande na sijaweza kulinyoosha, nakuachia wewe msomi.

Ila la kuvutwa naliweza. Hakuna aliyemvuta. Alikuwa ndani tangu siku aliyooa.

*Mzee, ile bendera yenye kiatu ilikuwa na maana gani? Watoto wangu wananiuliza kila siku.*
— Mama wa watoto watano, Busia

Mama, hicho ni kiatu cha mkulima wa wakati ule: ngozi inayokunjwa juu ya mguu na kufungwa kwa kamba ndefu. Makabaila walivaa buti. Walioasi kwa siri tangu kabla ya vita, na kiongozi wao mmoja, Joss Fritz, walikichora kiatu hicho kwenye bendera, na hata chama chao kikaitwa kwa jina la kiatu, Bundschuh. Asiyejua kusoma aliitambua bendera yao akiwa mbali. Waambie watoto hivyo.

*Mimi nina miche ya kahawa huku Sironko, na huwa napeleka kwa wanunuzi. Baada ya filamu ulituambia habari ya watu waliotupa mawe ya mizani mtoni. Jirani yangu hakuamini nilipomsimulia. Tafadhali iandike ili nimwonyeshe.*
— Mkulima wa kahawa, Sironko

Naiandika, na mwonyeshe.

Mwaka 1514, miaka kumi na mmoja kabla ya vita vya wakulima, huyo huyo Ulrich alikuwa amezama katika madeni. Alitaka kutoza kodi kwenye nyama, unga na divai. Badala ya kupandisha bei, alipunguza mawe ya mizani. Fikiria ujanja huo: bei imebaki ile ile, na unachopewa ni pungufu, na tofauti inaingia mfukoni mwa mtawala. Katika kijiji cha Beutelsbach, kwenye bonde la mto Rems, alikuwako mtu aliyeitwa Peter Gaiß. Husimuliwa kwamba alikwenda buchani, akayachukua mawe mapya, akayapeleka mtoni watu wakimfuata. Akatangaza: yakielea, mtawala ana haki, yakizama, haki ni ya wakulima. Akayatupa. Kutoka hapo uasi ulienea bonde zima, waasi wakajiita Konrad Maskini, kwa jina ambalo wakubwa walikuwa wakiwadharau nalo. Na mto huo Rems ndio unaopita Schwäbisch Gmünd, kwao Ratgeb.

Unajua vizuri kuliko mimi kwa nini habari hii iliwatuliza watu wote ukumbini. Kiswahili chetu kinaita "mawe ya mizani" hata yakiwa ya chuma, na mtu yeyote aliyewahi kupeleka mazao anajua kwamba jiwe linaweza kusema uongo.

Baba yangu alilima pamba hapa hapa, upande wa Bukedi. Wakati wa kuuza tulichambua pamba usiku kucha, safi huku na yenye madoa kule, kisha tukaishindilia kwenye magunia kwa miguu. Mimi nilikuwa mdogo na mwepesi, ndiye niliyeingizwa ndani ya gunia kukanyaga. Asubuhi baba alilibeba kwa baiskeli mpaka kwa mnunuzi. Mizani ilikuwa ya kuning'iniza. Karani alisimama karibu sana na gunia, na goti lake lilikuwa chini ya gunia. Sikuelewa. Baba alielewa, na hakusema neno, maana ukisema unaambiwa pamba yako ni chafu, urudi nayo nyumbani.

Msimu uliofuata baba alitafuta jiwe. Namaanisha jiwe la mtoni, la mviringo, jeusi. Alilipeleka kwa mganga wa zahanati aliyekuwa na mizani ya kupimia watoto wachanga, wakalipima mara tatu, akaandika uzito kwa rangi ya mafuta. Akalibeba mpaka kwa mnunuzi, akaliomba lipimwe kabla ya gunia lake. Karani alikataa. Baba akasimama na jiwe mikononi. Mtu wa pili kwenye foleni akasema, "Pima jiwe." Wa tatu akasema hivyo hivyo. Likapimwa. Lilikosa karibu theluthi ya uzito wake.

Siku hiyo magunia yote yalipimwa upya. Baba hakuwahi kujiita mwasi, wala hakupenda kuusimulia mkasa huo. Mama ndiye aliyeusimulia.

*Bwana Mkalimani, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa nini ulitafsiri kwa neno "mkopi"? Hilo ni neno la Kiganda. Tunayo maneno yetu: mkulima, mtwana, mvuja jasho.*
— Mwalimu wa sekondari, Iganga

Mwalimu, ni kweli nilianza na "mkulima". Dakika kumi hivi nikaona halibebi mzigo. Mkulima wa leo anaweza kuwa na trekta na akaunti benki. "Mtwana" ni sahihi kwa mke wa Ratgeb, lakini wengi wa wale wakulima hawakuwa watumwa kamili. Walikuwa watu wa chini wanaokaa kwenye ardhi ya mwingine na kumlipa kwa kukaa hapo. "Mvuja jasho" ni neno la jukwaani. Uganda nzima inajua omukopi ni nani: asiye wa ukoo wa wakubwa, mwenye kulima na kutoa. Na mtu aliyesikia babu yake akizungumzia busuulu na envujjo, ile kodi ya kiwanja na lile fungu la mazao alilochukua mwenye ardhi ya mailo, ardhi waliyogawiwa wakubwa, baada ya Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, hahitaji kufundishwa zaka ya Württemberg. Kumbuka malalamiko yalizidi mpaka serikali ikatunga sheria mwaka 1928 kuweka kikomo. Nililiazima neno kwa jirani kwa sababu jirani analo na mimi sina. Kama darasani kwako unataka "mkulima mdogo", sitakupinga.

*Nilitoka ukumbini kabla ya mwisho. Mlitutia huruma kwa watu waliomwaga damu. Nimesoma habari za Weinsberg. Mbona hukutuambia?*
— Mzee wa kanisa, Malaba

Mzee mwenzangu, una haki, nami nilipaswa kuisema. Tarehe 16 Aprili 1525, siku ya Pasaka, wakulima waliuteka mji wa Weinsberg. Wakamtoa bwana Ludwig von Helfenstein na wenzake, wakawapitisha kati ya safu mbili za mikuki mpaka wakafa. Mkewe alikuwa na mtoto mdogo mikononi, akawasihi, hawakumsikia. Baadaye makabaila walimkamata kiongozi wa wauaji, Jäcklein Rohrbach, wakamfunga kwa mnyororo kwenye mti na kuwasha moto kumzunguka ili aungue polepole. Martin Luther naye, ambaye wakulima walidhani yuko upande wao, aliandika kijitabu cha kuwataka watawala wawaue bila huruma. Waliokufa katika vita vile huhesabiwa kati ya 70,000 na 100,000, na wengi mno kati yao ni wakulima.

Hayo ni ya Ujerumani. Acha nikuambie ya kwetu, maana wewe na mimi ni wa umri mmoja. Januari 1960 nilikuwa na miaka saba. Unakumbuka Bukedi ilivyowaka kwa sababu ya kodi na jinsi machifu walivyokuwa wakiwakadiria watu. Nyumba za machifu zilichomwa moto, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Chifu wa karibu nasi nyumba yake ilichomwa. Mimi niliuona moshi, kisha kesho yake niliona ghala lake la mtama, limebaki duara jeusi chini, na kuku wakiparua humo wakila mtama uliokaangika. Mwanawe alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukiogelea pamoja. Hakurudi shuleni muhula ule wala uliofuata.

Baba, yule wa jiwe, hakwenda kuchoma. Lakini usiku ule alikaa nje hadi alfajiri, na mama alipomwambia aingie alisema, "Wanachoma nyumba ya mtu aliyeniandikia kodi ya ng'ombe nisio nao." Hakusema ni vizuri. Hakusema ni vibaya. Nami mpaka leo, nikimhurumia Ratgeb, ninamwona na yule mtoto. Siwezi kumtoa mmoja ili mwingine akae vizuri, na sitaki.

*Mzee, je, Uganda tunaye mtu kama Ratgeb? Tukitengeneza filamu yetu, imhusu nani?*
— Kijana mwenye kamera, Jinja

Swali zuri, na nina jibu refu kuliko nafasi niliyopewa.

Nenda kwanza nje kidogo ya mipaka. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alisomea uchoraji hapa Makerere. Mwaka 1959 alichora kuta za kanisa la kumbukumbu huko Murang'a, Kenya, lililojengwa kwa ajili ya Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Michoro mitano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane, msalaba. Watu wake ni Waafrika na mandhari ni ya kwetu, katika nchi ambayo majeraha ya vita vya ardhi yalikuwa hayajapona. Ukiweka picha hizo kando ya za Herrenberg utaona ndugu wawili.

Kwa Uganda yenyewe, Robert Serumaga alikuwa mwandishi na mwongozaji wa tamthilia, akaacha jukwaa akaingia katika mapambano ya kumwondoa Amin. Mwaka 1979 akawa waziri wa biashara katika serikali ya Yusuf Lule, na mwaka uliofuata akafia Nairobi. Byron Kawadwa wa ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza aliuawa mwaka 1977, muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la Lagos. Yeye hakushika silaha yoyote. Alikuwa na mchezo na waimbaji.

Lakini ukiniuliza moyo wangu, tengeneza ya mwaka 1949. Wakulima wa pamba na kahawa wa Buganda, pamoja na chama cha Bataka, yaani wakuu wa koo, na umoja wa wakulima wa Ignatius Musazi, walikusanyika Mengo mbele ya Kabaka. Walitaka kuchagua machifu wao wenyewe na kuichambua pamba yao wenyewe. Soma tena kifungu cha kwanza cha Memmingen hapo juu kisha usome hayo. Vyama vyote viwili vilipigwa marufuku na Musazi akahamishiwa kaskazini.

Na usitafute shujaa haraka. Mwanzo wa filamu yako uwe kwenye mizani. Tilman Riemenschneider, mchonga sanamu mkubwa wa Würzburg aliyewahi kuwa meya, alifungwa na kuteswa mwaka 1525 kwa sababu baraza lao la mji lilikataa kupigana na wakulima. Akanyang'anywa sehemu ya mali yake. Dürer, yule ambaye filamu inamtafuta, hakuingia vitani, lakini mwaka huo huo wa 1525, katika kitabu chake cha vipimo, alichora mnara wa ukumbusho. Chini kuna ng'ombe, kondoo na nguruwe wamelala. Juu yao vikapu vya jibini, siagi, mayai, vitunguu. Halafu sanduku la nafaka, sufuria iliyopinduliwa, chombo cha kusukia maziwa, mtungi, majembe na fimbo za kupuria zilizofungwa pamoja na mganda wa ngano, tenga la kuku. Na juu kabisa ameketi mkulima, kichwa kimeinama, mkono shavuni, upanga umezama mgongoni mwake. Kijana, mpelekee picha hiyo mama yako. Mwache ataje kila chombo kwa jina lake la nyumbani, wewe ukiwa umewasha kamera.

*Mlionyesha usiku, nasi wa chama cha akina mama hatuwezi kutoka usiku. Mtarudia?*
— Mweka hazina wa chama, Nagongera

Tutarudia, dada zangu. Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, ukumbi ule ule. Madirisha tutayaziba kwa mablanketi, kwa hiyo kutakuwa na joto. Anayenyonyesha akae karibu na mlango. Viti ni vichache, njooni na vigoda. Fundi wa Mbale amejitolea kuchora tangazo jipya bila malipo, nami nimemwambia afute neno "anavutwa". Safari hii nitasimama kidogo panapotajwa mtu wa bwana, nieleze kama nilivyoeleza hapa. Jiwe la baba ninalo bado, rangi ya uzito imefutika upande mmoja. Nitaliweka mezani penye jenereta, anayetaka kulishika alishike.